Nicodemus, Kansas: safari ya kijiji chenye watu 14

Nimesharudi Dodoma na jioni hizi nimekuwa nikipanga picha na kunakili daftari langu la safari, ambalo kurasa zake kadhaa zimeingia mafuta ya mbavu za nguruwe kutoka sahani ya jirani. Wengi mliniuliza kwa nini niende Marekani kumtembelea dada, halafu niache miji yote nikahangaikie kijiji kisicho na duka wala kituo cha mafuta. Majibu yako humu, pamoja na gharama na njia, maana wakati najiandaa sikupata mtu wa kuniambia kwa Kiswahili.

Nicodemus iko kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas. Ilianzishwa mwaka 1877 na watu waliokuwa watumwa Kentucky, na ndiyo makazi ya Wamarekani weusi ya zama zile, magharibi ya Mto Mississippi, yanayojulikana zaidi kati ya yaliyosalia. Sensa ya 2020 ilikuta watu 14. Nilitaka kuona watu 14 wanawezaje kubeba kijiji chenye miaka karibu 150, na ni nani hao wengine wanaofika kila mwisho wa Julai kwa ajili ya sherehe wanayoiita Homecoming, yaani kurudi nyumbani.

Jumatano: Kansas City hadi Hays

Dada alitugongea mlango saa kumi na moja alfajiri, maandazi yameshafungwa kwenye foili na chupa ya chai imejaa. Shemeji ndiye aliyeendesha. Dada alikaa nyuma na mito yake, akatuambia tumwamshe tukifika mahali penye kitu cha kuona.

Barabara kuu ya I-70 kutoka Kansas City hadi Topeka ni ya kulipia. Angalizo kwa mtakaopita: tangu Julai 2024 hakuna tena vibanda vya kupokea fedha taslimu. Kamera inapiga picha namba za gari na bili inakuja nyumbani kwa posta. Ukikodi gari, uliza kwanza kampuni yako inatoza nini juu ya bili hiyo.

Topeka tulisimama kwenye Shule ya Monroe, iliyokuwa ya watoto weusi peke yao na ambayo sasa ni makumbusho ya kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliiamua mwaka 1954 kwa kupiga marufuku shule za serikali kutenganisha watoto kwa rangi. Kuingia ni bure. Nilikaa humo kuliko nilivyopanga. Ukisoma habari za watoto waliopitishwa kando ya shule ya jirani ili wapelekwe shule ya mbali kwa sababu ya rangi, unaelewa kwamba Kansas, ambayo watu weusi wa Kusini waliiita nchi ya uhuru, haikuwa imewafungulia kila mlango.

Baada ya Topeka ni saa nyingi za barabara iliyonyooka, ng'ombe, na pampu za upepo. Dada alilala.

Kabla ya Hays tulichepuka kidogo tukaingia Victoria, mji mdogo wenye kanisa kubwa la Mtakatifu Fidelis, lililomalizika mwaka 1911, minara yake miwili ikionekana toka mbali kabisa. Walilijenga Wajerumani waliotoka kandokando ya Mto Volga nchini Urusi, wakafika hapa mwaka 1876, mwaka mmoja tu kabla ya watu wa Nicodemus. Nilisimama mbele ya kanisa lile la mawe ya chokaa nikajiuliza: wote walikuja nchi hiihii kame, wote walianza na mikono mitupu au karibu na mitupu, kwa nini hawa wana mji na wale wana watu 14? Swali hilo nilitembea nalo siku zote zilizobaki.

Chakula cha jioni Hays kilikuwa bierock, urithi wa Wajerumani hao hao: mkate laini wa mviringo uliookwa ukiwa umejazwa nyama ya ng'ombe ya kusaga, kabichi na vitunguu. Dola 6 kwa moja, na moja inashibisha. Dada alisema umekosa pilipili tu. Chumba cha moteli dola 89 kwa watu watatu, kifungua kinywa kikiwa humo.

Alhamisi: Ellis hadi Nicodemus, kwa njia yao

Njia rahisi kutoka Hays ni kupanda barabara namba 183 kaskazini hadi Stockton, halafu namba 24 kuelekea magharibi. Lami tupu, mwendo wa saa moja na kidogo. Mimi nilimwomba shemeji tupite Ellis kwanza, kwa sababu hapo ndipo treni iliposhusha waanzilishi wa Nicodemus.

Walikuwa wametoka maeneo ya Lexington na Georgetown, Kentucky. Mwaka 1877 majeshi ya serikali kuu yaliondolewa Kusini, na watu walioachwa huru wakabaki mikononi mwa wale wale waliokuwa wakiwamiliki, wakilima kwa mgawo wa mavuno na kubaki na madeni. Wakati huo huo zilisambazwa karatasi za matangazo zikiwalenga raia weusi: kuna ardhi Kansas, kuna mji mpya unaoanzishwa, ada dola 5. Kampuni ya mji huo iliundwa Aprili 1877, rais wake akiwa mchungaji mweusi, W. H. Smith, na mweka hazina wake dalali mzungu wa ardhi, W. R. Hill. Sheria ya ardhi ya 1862 iliruhusu familia kuchukua ekari 160 za serikali na kuzimiliki baada ya kukaa na kulima miaka mitano. Kwa mtu aliyezaliwa akiwa mali ya mwingine, hebu fikiria kauli hiyo ilivyomwingia.

Kundi kubwa, watu zaidi ya 300, lilifika Septemba 1877. Walishuka Ellis, na kutoka hapo ni kama kilomita 56 hadi Nicodemus. Wengi walizitembea kwa miguu.

Kundi jingine likaja majira ya kuchipua ya 1878. Humo alikuwamo Willianna Hickman, mke wa mchungaji, ambaye baadaye alisimulia safari yake. Surua iliwashika watoto wakiwa Ellis, na baadhi walizikwa hapo hapo. Waliobaki walisafiri siku mbili kwa mikokoteni, pasipo barabara, wakifuata dira na njia za paa na mashimo waliyogaagaa nyati. Usiku wanaume waliwasha mioto mikubwa na kufyatua bunduki kuwatisha wanyama. Siku ya pili mchana watu wakaanza kushangilia kwamba kijiji hicho hapo, naye akatazama asione kijiji chochote. Akaonyeshwa moshi unaotoka ardhini. Hizo ndizo zilikuwa nyumba. Alilia.

Leo Ellis ni mji mtulivu wenye makumbusho ya reli, na nyumba alimokulia Walter Chrysler, yule wa magari. Tulinunua maji na barafu, tukashika barabara za changarawe kuelekea kaskazini. Tulivuka Mto Saline, ambao Julai ni mchanga mwingi na maji kidogo.

Kilomita chache baada ya hapo, pancha. Tairi la nyuma kulia lilichanwa na jiwe kali, na tulipofungua buti tukakuta tairi la spea lenyewe halina upepo. Simu hazina mtandao. Joto lilikuwa nyuzi 39 na hakuna mti. Tulikaa kwenye kivuli cha gari kama dakika arobaini, dada akitugawia maandazi ya mwisho, mpaka ikaja pikapu nyekundu ikitimua vumbi. Akashuka mkulima wa makamo, kofia ya majani, hana haraka. Hakuuliza sisi ni akina nani. Alitazama tairi, akatazama spea, akavuta kikompresa kidogo kutoka nyuma ya kiti na kuanza kujaza upepo. Halafu akalala chini kwenye changarawe kutafuta mahali pazuri pa kuweka jeki, shemeji akimsihi aache, yeye akisema tu kwamba ana nguo nyingine nyumbani.

Wakati anafanya kazi niliangalia shamba lililokuwa nyuma yake. Mtama. Mfupi, unanifika kiunoni, suke limejikusanya juu, lakini ni mtama, majani yake yale yale niliyoyapalilia utotoni Kongwa. Nilivuka senyenge bila kufikiri nikashika suke mojawapo. Mkulima alicheka akaniuliza kama naufahamu mmea huo. Nilimwambia kwetu ni ugali na ni pombe. Yeye akaniambia kwao ni chakula cha mifugo na mafuta ya gari, na kwamba wanapendelea aina fupi ili mashine ivune kwa urahisi. Kansas ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa kulima mtama, na sababu ni ile ile ya Dodoma: mvua ya eneo hili ni kama milimita 550 kwa mwaka, na haina ahadi.

Alikataa fedha. Alitufuata nyuma na pikapu yake mpaka tulipofika lami.

Angalizo: kabla ya kuingia changarawe za huko kagua spea yako, jaza mafuta Hays au Stockton, na beba maji kuliko unavyodhani yanatosha. Pakua ramani kwenye simu mapema.

Tuliingia Nicodemus alasiri. Barabara namba 24 inapita pembeni, kuna bango, kuna eneo la kupumzikia lenye kibao cha historia, halafu mitaa michache ya vumbi na lami, nyumba zilizoachana, nyasi ndefu katikati. Mbwa mmoja alikuja kutunusa. Hema la kwanza la sherehe lilikuwa linasimikwa. Vyumba vyetu vilikuwa Hill City, kama kilomita 20 mbele, mji ambao umebeba jina la yule dalali.

Ijumaa: majengo matano

Nicodemus iko chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa tangu Novemba 1996, kama eneo la kihistoria la taifa. Majengo yanayotajwa ni matano: Hoteli ya St. Francis ya mwaka 1880, kanisa la AME (dhehebu la Kimethodisti la Wamarekani weusi) la mwaka 1885, kanisa la kwanza la Kibaptisti la 1907, shule ya 1918, na ukumbi wa mji wa 1939, uliojengwa kwa mawe ya chokaa wakati serikali ya Roosevelt ilipokuwa ikiwapa watu kazi. Ofisi ya wageni iko ndani ya ukumbi huo. Hakuna kiingilio. Saa za kufungua hubadilika, kwa hiyo piga simu kabla ya kusafiri.

Mhifadhi wa zamu, mama mmoja mwenye sauti ya kufundisha, alitupa saa nzima. Nilimwomba aniambie nyumba za kwanza zilijengwaje. Alieleza walivyochimba ubavu wa kilima, wakapanga miti juu, wakaweka matawi na nyasi, kisha udongo, na mahali pa moto pembeni na shimo la moshi. Nilimchorea tembe la Kigogo nyuma ya kipeperushi chake: paa la udongo juu ya miti, unaweza kutembea juu yake usijue uko juu ya nyumba ya mtu. Akakiweka kipeperushi kile kwenye droo yake.

Majira yale ya baridi ya kwanza yalikaribia kuwamaliza. Walifika Septemba, wamechelewa kupanda chochote. Wengine waligeuza karibu mara tu walipofika. Wengine, inasimuliwa, walitaka kumnyonga Hill kwa ahadi zake. Farasi walikuwa wa kuhesabika, ardhi ya majani ililimwa kwa jembe la mkono na sepetu. Oktoba hiyo hiyo Emma Williams alijifungua ndani ya shimo mtoto wa kiume, Henry, wa kwanza kuzaliwa Nicodemus. Chakula kilipopungua, Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda, waliwagawia nyama. Hapo mhifadhi alinyamaza kidogo, na sisi pia. Waosage wenyewe walikuwa wamekwisha kuondolewa Kansas na kupelekwa kusini. Watu waliopokonywa ardhi waliwalisha watu waliokuwa hawajawahi kupewa.

Kisha kijiji kikapanda. Mwaka 1880 walikaribia 500 ukiwajumlisha wa mashambani. Katikati ya muongo huo kulikuwa na maduka, hoteli, benki, makanisa, timu ya besiboli na magazeti mawili: Western Cyclone lililoanza 1886 na Nicodemus Enterprise la 1887. Edward McCabe, mkazi wa hapa, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi mkuu wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, mtu mweusi wa kwanza kushika wadhifa wa ngazi ya jimbo huko, na akachaguliwa tena 1884. Miaka kumi haijatimia tangu wafike. Hilo nilimwomba mhifadhi alirudie ili shemeji, aliyekuwa nje na simu, alisikie.

Na hapa ndipo nilipopata jibu la swali langu la Victoria, au sehemu yake kubwa. Reli. Mwaka 1887 wananchi wa Nicodemus walipiga kura kutoa hati fungani za dola 16,000 ili reli ya Missouri Pacific ipite kwao. Haikupita. Mwaka 1888 kampuni nyingine, Union Pacific, ikajenga njia yake upande wa kusini wa Mto Solomon, maili chache tu, na kambi ya wajenzi ikageuka mji uitwao Bogue. Bila reli ngano yako unaisafirisha kwa mkokoteni, na bei inakwisha njiani. Wafanyabiashara wa Nicodemus walifanya kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: waling'oa maduka yao yakiwa mazima, wakayaburuta kuvuka mto hadi Bogue. Victoria na Hays zilizaliwa kwenye reli. Nicodemus ilisubiri reli, reli ikaenda kwa jirani.

Waliobaki walikuwa wakulima, na walidumu kwa kulima. Miaka ya 1930 ukaja ukame na tufani za vumbi pamoja na mdororo wa uchumi. Mwaka 1935 kijiji kilikuwa na watu 76. Mwaka 1950, watu 16. Posta ilifungwa 1953. Ekari 160 zilizotosha familia mwaka 1880 hazitoshi kitu leo. Trekta moja linalima zilipokuwa familia kumi, na kaunti nzima ya Graham, weupe na weusi, ilikuwa na watu 2,415 kwenye sensa ya 2020. Kwa hiyo kupungua kwenyewe si kwa Nicodemus peke yake. Nimepita vijiji vya weupe njia nzima ile vyenye shule zilizofungwa na vioo vya maduka vilivyobandikwa mbao. Tofauti ni kwamba vijiji hivyo vingi havina Julai.

Jioni magari yalianza kuingia. Namba za Colorado, Missouri, Texas, California. Karavani zikajipanga kwenye nyasi, taa zikatundikwa.

Jumamosi: Julai ya Nicodemus

Tuliacha moteli mapema na tukafanya vyema, maana kivuli cha miti michache kilikuwa kinagombewa. Homecoming ilianza 1878 kama sikukuu ya ukombozi, ikikumbuka tarehe 1 Agosti 1834, siku sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa ilipoanza kufanya kazi katika visiwa vya Karibi. Mimi niliyesoma historia ya soko la watumwa la Zanzibar, lililofungwa 1873, nilikaa na tarehe hizo mbili kichwani: miaka minne baada ya soko letu kufungwa, watu hawa walikuwa wanatembea kutoka Ellis.

Gwaride lilipita saa sita mchana kwenye jua kali. Mbele bendera, kisha wapanda farasi waliovaa sare za askari weusi wa karne ya 19 walioitwa Buffalo Soldiers, halafu matrekta ya zamani yaliyong'arishwa, watoto wakirusha peremende. Koo zilivaa fulana za rangi moja, jina la ukoo mgongoni na chini yake majina ya babu na bibi waliofika kwanza. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha kukunja alinivuta mkono nikae kwenye sanduku lake la barafu.

"Unatoka ukoo gani, mwanangu?" aliniuliza.

Nilimwambia si wa ukoo wowote, natoka Tanzania, nimekuja na dada yangu. Alifikiri kidogo.

"Basi kula kwanza."

Sahani iliyokuja ilikuwa na mbavu zilizobanikwa tangu usiku, maharage matamu, saladi ya viazi na mkate wa mahindi. Mimi sili nguruwe, nikamweleza, akaita mjukuu aniletee kuku. Nilitaka kulipa dola 15 nilizoona wengine wakilipa kwenye meza ya kanisa. Akanielekeza nizitie kwenye kopo la mchango wa kijiji. Bibi huyo hajaishi Nicodemus tangu alipokuwa na miaka 19. Anaishi Denver. Alifanya kazi hospitalini huko mpaka alipostaafu, akazaa huko, amezika mume huko. Lakini kiwanja cha baba yake bado anakilipia kodi, na amekwisha kuonyesha watoto wake kaburi lake litakapokuwa, pale juu kwenye makaburi, karibu na mama yake. Nilimuuliza sensa ilimhesabu wapi. "Denver," alisema, kama mtu aliyeulizwa jambo dogo, kisha akanyoosha kidole kunionyesha binamu zake: huyu Topeka, huyu Kansas City, yule aliyeshika farasi ni wa hapa hapa, hajawahi kuondoka.

Mwenye farasi ndiye niliyeongea naye alasiri. Ni mkulima, mmoja wa wachache wa uzao wa walowezi waliobaki kwenye ardhi. Analima ngano na mtama. Alinieleza kwamba wakulima weusi wa eneo hili waliwahi kujaribu teff, nafaka ile ndogo ya Ethiopia ambayo wenyewe wanapikia injera, kwa sababu inavumilia ukame. Aliniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza: sisi tunahifadhije mtama usiliwe na wadudu, ndege tunawafukuzaje, serikali inanunua kwa bei gani. Tulikaa juu ya mlango wa nyuma wa pikapu mpaka jua likashuka. Kwenye nyumba moja jirani mzee alikuwa akiwasimulia vijana habari za Veryl Switzer, mtoto wa kijiji hiki aliyezaliwa 1932, akacheza mpira wa miguu wa Kimarekani chuo kikuu cha jimbo la Kansas, na mwaka 1954 timu ya kulipwa ya Green Bay Packers ikamchagua akiwa mchezaji wa nne nchi nzima. Alifariki 2022. Vijana walikuwa wakimsahihisha mzee kila alipokosea, kwa hiyo bila shaka simulizi hiyo wameisikia kila Julai.

Kwa wanaotaka kwenda wakati huu: sherehe huwa wikiendi ya mwisho ya Julai. Vyumba vya Hill City na Stockton hujaa mapema sana. Beba kiti chako cha kukunja, kofia na fedha taslimu ndogondogo, maana meza nyingi hazipokei kadi. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha za watu, na usiingie kwenye mabaki ya nyumba, ni viwanja vya watu.

Jumapili: ibada

Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama. Dada, ambaye ni mwanakwaya wa Anglikana tangu Kongwa, aliimba wimbo asioujua kwa sauti ya pili kama amezaliwa nao, na wamama wa mbele wakageuka kumtazama. Baada ya ibada wakasomwa majina ya waliofariki tangu Julai iliyopita. Wengi walifia miji mingine. Kila jina likisomwa, upande fulani wa kanisa uliitikia.

Mchana tulipanda makaburini. Mawe mengine yamelala, mengine ni ya jana, yameng'arishwa, na maua yake bado yana karatasi za duka. Nilihesabu magari yaliyokuwa yamepaki pale nikaacha, kwa sababu yaliendelea kuja.

Jumatatu: Bogue na kurudi

Karavani zilikuwa zinaondoka moja moja. Tulivuka mto kwenda kuiona Bogue yenyewe, iliyochukua maduka. Kuna maghala marefu ya nafaka, nyumba, mtaa mkuu wenye milango michache iliyo wazi. Sikuona treni. Sensa ya 2020 iliwapa Bogue watu 155. Shemeji alizunguka mtaa huo taratibu, akaniuliza kama tumemaliza, tukaelekea Stockton kujaza mafuta.

Hesabu yetu watu watatu, kutoka Kansas City na kurudi: mafuta dola 118, vyumba vya Hays na Hill City jumla dola 437, chakula na michango kama dola 160, tairi jipya Hays dola 142. Bili ya barabara ya kulipia ilifika kwa posta baada ya mimi kuondoka, dada anasema ni ndogo.

Bibi wa Denver ametumiana namba na dada. Wanapigiana Jumapili. Dada ameshaweka nafasi ya vyumba viwili Hill City kwa Julai ijayo, na ameniandikia nimtumie mbegu za mtama wetu mrefu, ambazo nimemjibu kwamba forodha ya Marekani haitaziruhusu bila kibali, kwa hiyo nimemtumia picha ya shamba na maelezo ya jinsi tunavyotumia majivu kuhifadhi mavuno, ampelekee yule mwenye farasi.